Watu wa Taif Walimjua Mama

Ijumaa jioni, Riyadh. Vumbi.

Tangu baada ya swala mji mzima umekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nimeziba chini ya mlango kwa taulo lililoloweshwa, lakini bado nasikia mchanga kwenye meno. Bakari, mume wangu, amelala sebuleni. Nasra, binti yetu wa darasa la kwanza, anachora twiga kwenye sakafu. Chumba cha wageni kitupu, kitanda kimetandikwa.

Mama hayupo. Tumemwacha Jeddah.

Sijui kama "tumemwacha" ndilo neno lenyewe, na ndiyo maana nimekaa kuandika.

Mama yangu alikuja kutoka Tanga mwezi uliopita kwa viza ya kutembelea familia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege na mara yake ya kwanza kutoka nje ya nchi. Naliandika hili mapema, maana kila kilichotokea baadaye kilikuwa kama kinanibishia. Umra tulifanya wiki ya kwanza. Tulipanga safari hii kwa ajili ya starehe tu: Riyadh hadi Taif kwa gari, tukaone waridi yakichanua, kisha tuteremke Jeddah tukale samaki. Mimi nilipata likizo hospitali ninakofanya uuguzi, Bakari akapewa ruhusa kwenye ghala lao la vipuri kule Al-Sulay.

Na mimi ndiye niliyeendesha. Leseni yangu bado inanukia upya. Bakari alikaa pembeni kama bosi, Mama nyuma na Nasra, akininong'onezea dua kila nilipolipita lori.

Mvua za mwaka huu zilikuwa nyingi, na jangwa lilikuwa la kijani. Tulisimama mahali ambapo maua ya manjano yalianzia ukingo wa barabara yakaenda hadi macho yalipokoma. Tukatandika jamvi, tukanywa kahawa ya iliki na tende. Nasra alikimbia peku. Hakukuwa na upepo wala mdudu anayelia. Kimya kile kilikuwa kizito mpaka tukajikuta tunanong'ona bila sababu.

Mama aliangalia yale maua kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hapa pametandikwa kama panasubiri mgeni."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Taif tulifika jioni, baridi imeshaanza kuuma. Kesho yake mchana tukaingia mkahawa mmoja kula saliq, wali wao wa maziwa na supu ya kuku, laini kiasi kwamba Mama alisema ni bokoboko lililosahau kusongwa. Siku hizi hakuna tena pazia la familia, watu wote wanakaa pamoja, na labda ndiyo maana nililiona lile jambo tangu mwanzo.

Mwenye mkahawa alimwona Mama, akageuka, akaingia jikoni. Akatoka na mpishi. Wakasimama mlangoni wakimtazama.

Chakula kilipokuja, mbele ya Mama kiliwekwa kibakuli cha pilipili ya kusaga na ndimu iliyokatwa vipande vinne. Hakuwa ameagiza. Nyumbani Mama hali wali bila pilipili na ndimu. Bakari naye akaomba, akajibiwa, "Mafi, halas." Imekwisha.

Wakati wa kulipa, yule bwana aliniuliza kwa Kiarabu, "Huyu ni nani wako?"

"Mama yangu."

"Anatoka wapi?"

"Tanzania. Amekuja juzijuzi tu."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeambiwa uongo na mtu anayemheshimu.

Sikumwambia Mama. Kiarabu chake ni cha swala tu, nikaona niache. Nilijiambia sisi weusi tunafananishwa ovyo huku, jambo la kila siku. Hata hivyo garini nilimtazama Mama kwenye kioo mara mbili.

Alasiri tukaenda kwenye shamba la waridi. Lipo bondeni, limezungukwa na milima ya mawe matupu, na ndani yake vichaka vya waridi mstari kwa mstari. Kuna banda ambamo wanayachemsha kwenye masufuria makubwa ya shaba ili kupata marashi. Harufu ilikuwa nzito, ilikaa kooni kama asali. Sakafuni kulikuwa na marundo ya petali yanayomfikia Nasra kiunoni.

Mwenye shamba, mzee mwembamba mwenye ndevu za hina, alikuwa akimimina marashi ya moto kutoka birika kwenda kwenye chupa. Aliinua macho kutukaribisha.

Chupa ikajaa. Yeye akaendelea kumimina. Marashi yalimwagikia mkono wake na hakuuondoa.

"A'udhu billahi," akasema, na akarudi kinyumenyume hadi mgongo ukagusa ukuta.

Bakari alimwomba radhi bila kujua kosa ni lipi. Mzee hakumsikia. Alinitazama mimi tu, akihofia kumtazama Mama, akasema maneno haya ambayo nimeyarudia kichwani wiki nzima: "Umm Najat amekufa. Wakati wa baridi. Binti yake alinipigia simu kutoka Jeddah, nami nikamwombea. Kila msimu wa waridi alikuja hapa kununua marashi akauze. Huyu ni yeye. Mpaka kidoti chini ya jicho."

Mama ana kidoti chini ya jicho la kushoto.

Nilishindwa kugeuka. Nilisikia harufu ya waridi, nikasikia maji yakichemka, nikasikia Mama ananijia kwa nyuma na kandambili zake.

"Anasema nini?"

Nikageuka, nikakitazama kidoti chake.

"Anamtaja Kurwa," Mama akasema. "Sivyo?"

Mama yangu anaitwa Doto. Nimekua nikijua kwamba palipo na Doto palikuwa na Kurwa, pacha aliyemtangulia kuzaliwa, na nyumbani tuliambiwa Kurwa alifariki usichana wake. Nilijua hata siku ya kumrehemu. Pale, amekaa juu ya gunia la petali, Mama aliniambia yaliyobaki. Kurwa hakufa. Aliolewa kwa siri na kijana wa Kihadhrami aliyekuwa na duka la vitambaa Tanga, wakaondoka wote kwenda Jeddah. Babu hakupiga kelele. Aliita watu, pilau likapikwa, Kurwa akasomewa khitma ya maiti.

"Tulipewa pole," Mama akasema. "Mimi nililia kama wengine, na huku nilijua yu hai. Nikamwambia baba nataka kumtafuta. Akasema mtu aliyesomewa khitma hatafutwi."

Akazoa petali mkononi.

"Mwezi wa kwanza mwaka huu niliamka sina sauti. Ulinipigia simu ukasema ni mafua. Haikuwa mafua, Saida."

Mzee wa waridi alitupa namba ya Najat, binti wa Kurwa, akiiweka kwenye benchi ili asigusane nasi. Nilimpigia nikiwa nje. Sauti ya kike ikapokea kwa Kiarabu. Nilipojieleza, akaniambia kwa Kiswahili cha zamani cha Tanga ambacho sijakisikia tangu bibi yangu afariki, "Njooni. Njooni msilale njiani."

Tuliteremka mlima wa Hada kwenye ukungu. Barabara inajikunja kama utumbo, na mbele niliona mita chache tu. Nyani walikaa kwenye ukuta wa barabara, wameloana, wakitutazama tunavyopita. Hakuna aliyeruka wala kuomba chakula. Nasra alimshika Bakari shingo kwa nyuma. Nilipotazama kwenye kioo, Mama alikuwa amefumba macho na midomo haichezi. Nilizikosa hata zile dua zake za malori.

Jeddah ilitupokea kwa joto na unyevu. Bani Malik, mtaa wa vyumba vya kupanga, nguo kwenye madirisha, Waafrika na Wayemeni na Wabengali wakisubiri teksi za kuchangia. Tulipanda ngazi. Najat alifungua mlango. Ni mwanamke wa umri wangu, ana paji la uso langu. Alijua nani anakuja, nilimweleza vizuri kabisa kwenye simu, na bado alipomwona Mama alikaa chini palepale kizingitini.

Mama alimwinamia, akamshika kichwa. "Nyanyuka mwanangu. Mimi ni Doto. Mama yako mdogo."

"Khala," Najat akasema. "Hata sauti?"

Walilia, nami nikalia, nikadhani hapo ndipo kisa kinapoishia. Yangekuwa mambo ya furaha, ya kuandika hapa kwa herufi kubwa. Najat alikaanga samaki, akapika wali wa rangi ya kahawia wa vitunguu vilivyoungua, akaleta mkate wa tamis bado una moto. Alituambia mama yake aliwasemesha Kiswahili mlango ukishafungwa. Alituambia baba yake, Abu Najat, bado yu hai, yumo chumba cha ndani, na akili imemtoka kidogo kidogo. Tangu mazishi hali chakula. Anameza vijiko viwili vitatu vya supu, basi. Anamngoja mkewe. Daktari ameshasema hawezi kuendelea hivyo.

Mlango wa ndani ukafunguka.

Mzee alikuwa mrefu, kanzu imemning'inia kama ipo kwenye msumari. Alitutazama sote, mmoja mmoja, bila kutuona. Kisha akamwona Mama.

"Umechelewa," akamwambia kwa Kiswahili. "Chakula kimepoa."

Bakari aliniangalia. Najat aliziba mdomo kwa ushungi. Mama alikirudisha sahanini kipande cha samaki alichokishika.

"Njoo ule, basi," Mama akamwambia.

Akala. Mzee ambaye hakuwa anakula alikaa kwenye jamvi akala wali na samaki, akakamuliwa na ndimu, na Najat akawa analia bila sauti akimwongezea. Nilipaswa kufurahi. Lakini nilikuwa namtazama Mama. Alivyokunja mguu, alivyosogeza maji karibu na mkono wa kulia wa mzee kabla hajaomba. Nani alimfundisha?

Baadaye, jikoni, Bakari alimwambia kwa adabu, "Mama, mzee yule tunamdanganya. Na wewe si mkewe, hata kukaa naye kuna mipaka."

"Najat hatuachi peke yetu, na mimi nimejifunika," Mama akajibu. "Wala sijamwambia mimi ni nani, baba. Yeye ndiye anayeniambia."

Akaomba abaki wiki moja. Mimi likizo iliisha. Tulimwacha mlangoni, amevaa dira la zambarau ambalo hakuja nalo. Alinikumbatia, na nguo ilinukia waridi na mwili wa mtu nisiyemjua.

Tumerudi kwa njia ileile. Maua ya jangwani yameshaanza kukauka. Hatukusimama.

Nakiri hapa, kwa kuwa sijakiri hata kwa Bakari: namwogopa mama yangu. Namwogopa tangu pale bandani, tangu yule mzee alipomwona akarudi nyuma. Najua ni yeye. Mimi ni muuguzi, najua mapacha ni nini. Najua pia kwamba mwanamke aliyefiwa na mume na kuishi peke yake miaka yote ile, akikuta nyumba inayomngoja na meza iliyoandaliwa, anaweza kukaa tu. Si lazima pawe na jambo jingine. Na labda hilo ndilo linalonitisha zaidi, kwamba halihitaji jini wala mzimu.

Leo baada ya vumbi kuanza nilimpigia. Wiki imekwisha. Sauti yake ilikuwa nzuri, imeshiba. Mzee anakula mara tatu, akasema, ameongezeka hata mashavu. Najat anataka akae mpaka Ramadhani.

"Na wewe unataka nini?" nikamuuliza.

"Nitaona."

"Viza yako, Mama."

"Nitaona, nimesema."

Nikamwita kwa jina lake, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani. "Doto." Sijui kwa nini. Sikusikia kitu. Nikarudia, nikidhani simu imekatika. Nikasikia kijiko kinagonga kikombe, nikasikia pumzi yake iko palepale karibu na simu, imetulia, kama ya mtu anayesikia jirani akiitwa.

Kisha kutoka mbali, chumba cha ndani, mzee akaita, "Kurwa!"

"Abee!" Mama akaitika papo hapo, na simu ikakatwa.

Bado nimeishika mkononi ninapoandika. Nitamwamsha Bakari sasa hivi. Vumbi likitua alfajiri nawasha gari, na lisipotua nitakwenda hivyohivyo, taa zimewashwa. Nitapanda zile ngazi za Bani Malik na nitamwita kwa jina lake nikiwa bado nje, kabla sijavua viatu.

Nataka tu nione kama atageuka.