Mbwa Aliyelala Kwenye Ujia

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana nimemponza asiye na kosa. Mimi ni mtunza ghala la mahindi la mjomba wangu, huu mwaka wa nne, na tuna paka tunayemwita Malkia na mbwa mzee, Babu, mwenye mvi mpaka puani, na kila asubuhi Malkia huweka panya kwenye kizingiti cha ofisi nami humpa maziwa, huku Babu amelala tu kwenye ule ujia tunaouacha kati ya magunia na ukuta, nikawa namruka kwa matusi, mwisho nikamwambia mjomba huyu anakula bure, naye akaniamini, akamwita daktari wa mifugo aje Jumamosi amdunge sindano ya mwisho.

Jana asubuhi nilikuwa juu ya magunia nikishona lililotoboka, ndipo nikaona. Malkia alipita akiyakwaruza magunia makusudi, panya wakatoka mbio kwenye ujia, na Babu, macho kayafumba, akangoja mpaka wa kwanza akamfikia puani, akauma mara moja tu, shingoni, bila kubweka, kisha akamsukumia Malkia, naye akambeba kwenda ofisini. Mshauri, shazia, ile sindano kubwa ya magunia, ikanidondoka, sijawahi kuona kazi safi namna ile. Lakini mjomba anataka kunikabidhi ghala la pili kwa kuwa eti hili nalijua nje ndani. Nikisema, nitamtazama kwa macho gani?

Mtunza Ghala

Mtunza Ghala, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Wawili hao hawakufundishwa na mtu, wala hawajawahi kugombania sifa. Wewe unayelipwa ndiye unayeona haya. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Leo hii, kabla hujala, mwendee mjomba. Usimweleze sana, mpandishe juu ya magunia, mkae kimya, aone mwenyewe. Akishaona, mpigie daktari wewe, kwa mdomo uleule uliomchongea Babu. Maziwa yawe mabakuli mawili. Ghala la pili likikupita, likupite.

Na mjomba akikuuliza miaka yote hiyo ulikuwa wapi, usitafute uongo. Mwambie ulikuwa mlangoni, ukimsifu aliyeleta.