Swali la Ngamia

Iftin, Garissa

Abti Keinan, mjomba wangu, asalaam aleikum.

Hooyo, mama yangu na dada yako, anakusalimu. Mguu wake umepata nafuu. Mimi ni mzima, ila silali vizuri.

Shuleni kundi letu linatengeneza programu ya simu ya kuwajulisha wafugaji siku za chanjo. Tunaunda kipande kidogo, tunampa mfugaji ajaribu, kisha tunarekebisha. Jumamosi utajaribu wewe, na kwanza itakuuliza una ngamia wangapi.

Leo asubuhi tulisimama kwa mkutano wetu mfupi kama kawaida, kila mtu aeleze kilichomkwamisha. Nilijikaza nikasema kwetu mtu hatangazi idadi ya mifugo yake, anaogopa jicho baya. Mustafe, kiongozi wetu aliyekulia Nairobi, akacheka: "Hamdi leo amepata sauti! Kwani hao ngamia wa abti wako ni wa wizi?" Mwalimu akasema swali halitaondolewa kwa maneno yangu, mfugaji mwenyewe ndiye atakayeamua.

Abti, najua utajibu ili nisiaibike mbele ya wenzangu. Nakuomba usinihurumie. Mrudishie Mustafe simu atakayokupa, ukatae swali hilo kwa sauti.

Mpwa wako anayekungoja kwa wasiwasi,
Hamdi