Ukurasa Mweupe Mbele ya Wageni

Kwa Aunty, Kericho

Mama yangu,

Habari za huko nyumbani? Kifua cha nyanya kimepoa, ama bado anakohoa asubuhi? Huku kwa Aunty tuko wazima, ila baridi ya Kericho imekataa kunizoea. Kwenye simu nilikwambia niko sawa. Sikuwa sawa, Mama, na huu mdomo wangu unaujua, ndiyo maana nimeandika.

Unakumbuka nilisema chuo cha kompyuta kitamwajiri mmoja wetu wanafunzi? Wiki jana wakulima wanaouza miche ya chai walikuja kuchagua ukurasa wa mtandao wa kikundi chao, na mwenye kuchaguliwa ndiye angebaki na kazi. Wangu ulikuwa tayari: picha za miche na kitufe cha kuagiza. Aunty alikuwa ametegemea hiyo nafasi, kwa sababu mashine ya kuchuna chai imechukua kazi ya Uncle, na nyumba ya kampuni wanaweza kutolewa wakati wowote.

Asubuhi hiyo nikaona aibu. Ukurasa huandikwa kwa alama, moja ya kufungua na moja ya kufunga, na aya zangu nyingi nilikuwa nimezifungua bila kuzifunga. Browser, ile programu inayosoma kurasa, huwa inakufungia yenyewe bila kulalamika. Lakini nikasema wageni wasikute uchafu, nikaanza kufunga kila kitu. Picha ukiimalizia na mkwaju tu, kale kamstari ka kuinama (/), haina neno. Skripti ya kile kitufe, yaani maagizo yanayokifanya kifanye kazi, iliyo juu kabisa, nikaifupisha hivyo hivyo. Kumbe kwa skripti browser haihesabu huo mkwaju. Inadhani skripti bado inaendelea, inameza ukurasa wote ulio chini yake. Na sikuujaribu tena.

Mwalimu akafungua mbele ya watu. Skrini nyeupe tu.

"Akinyi, hii ni website ama ni shuka?" akasema Kibet, tunayekaa naye dawati moja. Wakacheka.

Mzee mmoja wa wale wakulima akainamia skrini. "Mtoto wangu, miche iko wapi? Ama bado inaota?"

Mwalimu akaniuliza polepole, "Unajua shida ni nini? Rekebisha tu, tutangoja."

Nilijua, Mama. Nilishaona kwa kichwa mahali penyewe. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, Kiswahili kikanipotea, na Kiingereza pia. Nikasema, "Sijui, mwalimu."

Wakachukua wa Kibet. Walipoenda kunywa chai nilirudisha alama ya kufunga skripti, na miche yote ikatokea. Hakukuwa na mtu. Nikazima kompyuta.

Aunty hajanigombeza, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Jana nilimsikia akimwambia Uncle, "Wacha mtoto apumzike." Chakula chao nakila nikiangalia chini. Sioni nafanya nini huku tena.

Nisalimie nyanya, mdogo wangu anayenifuata, na yule mama jirani wa maziwa. Baba akiuliza, mwambie ukurasa ulikataa kufunguka. Usimwambie kwamba nilijua.

Mtoto wako,
Akinyi