Usukani wa Benchi la Jikoni

Baba yangu mpendwa,

Leo ni siku ya tano tangu mdogo wangu Kabeya aondoke na lori kwenda Punia, na siku alizoahidi zilikuwa tatu. Mvua haijakatika. Huku Alunguli kila mngurumo wa gari unanitoa ndani mbio, na kila mara ni gari la mtu mwingine. Nakuandikia wewe uliyekwisha kufariki kwa sababu ni wewe tu ungeelewa nimefanya nini.

Unaukumbuka ule usukani? Uliung'oa kwenye lori bovu lililoachwa nyuma ya gereji, mwaka ambao mguu wako ulikataa kuendesha tena. Ukaupigilia kwenye benchi la jikoni, ukaufunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli ili tukikata kona uvute kurudi, kama gari lenyewe. Pedali zilikuwa vibao vitatu juu ya springi za viti vya baiskeli. Giya ilikuwa mchi wa mama, naye alilalamika kila alipotaka kutwanga majani ya sombe.

Wewe ulikaa nyuma yetu ukatusomea njia kutoka kichwani. "Kona ya kushoto. Punguza. Matope iko mbele, tia ya pili, usikanyage breki." Nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilikwisha kuendesha mpaka Punia mara nyingi kuliko madereva wengi wa mjini. Punia yenyewe sijafika mpaka leo. Nani angempa msichana lori?

Kilichotuchosha ni madaraja. Kila tulipofika kwenye daraja la miti ulitusimamisha. "Zima moto. Shuka. Tembeya juu ya miti, ona kama haiyaoza. Kisha njo unapanda." Nasi tulishuka kwenye benchi, tukazunguka uani miguu mitupu tukikanyaga magogo yasiyokuwepo, na majirani waliotoka kufagia mtaa kwenye salongo wakasimama kutucheka. Siku moja nilikuuliza kwa nini tushuke wakati daraja halipo. Hukukasirika. "Miguu iko na kichwa yake," ulisema. "Ikizoea kushuka, siku ya kweli itashuka yenyewe."

Ulipofariki Kabeya alikuwa hajamaliza kujifunza, nikakaa mimi kwenye kiti chako. Nilijivuna, Baba, siwezi kukuficha. Niliisoma njia yote bila kusahau kona hata moja. Lakini kule kushuka niliona ni mambo ya wazee. Tukaifanya safari mashindano: Kabeya afike Punia kabla wali haujaiva. Ili awahi, nikaanza kuyaruka madaraja. Nilisema tu "daraja", naye akapita moja kwa moja, akikanyaga mafuta na kuiga mlio wa injini kwa mdomo, tukacheka mpaka machozi. Siku aliyofika kabla hata maji hayajachemka nilimpigia makofi. Miguu yake haikuzoea kushuka, na aliyeizoeza hivyo ni mimi.

Juma lililopita dereva wa patroni wako wa zamani aliugua, patroni akaja nyumbani kumtaka Kabeya alipeleke lori lake Punia. Kabeya alikuwa amelizungusha lori hilo mara kadhaa pale mtaani Kasuku, ila njia ya Punia aliijua kwa benchi tu. Patroni akaniuliza mbele ya mama, "Ulimufundisha yote ya baba yenu?"

"Yote, patroni," nikasema.

Kabeya alinitazama akitabasamu. Aliamini ni kweli. Ningeweza kumvuta pembeni walipokuwa wakifunga mizigo, nilikuwa na asubuhi nzima. Niliona haya, basi.

Mchana huu mama alishindwa kutulia. Alinishika mkono akanikalisha kwenye benchi. "Nisomeye ile njia," akasema, "nijue mutoto amefika wapi." Nikaanza, kona baada ya kona, mpaka daraja la kwanza, na hapo nikaacha. Mama akaendelea mwenyewe, maana ameisikia miaka yote akiwa jikoni. "Zima moto. Shuka. Tembeya juu ya miti." Kisha akanigeukia. "Ulimwambiaka vile, si ndiyo?"

Nikamjibu ndiyo.

Alishusha pumzi ndefu. Sasa yuko mekoni na namsikia akiimba kidogo, jambo ambalo hajalifanya siku zote hizi. Amepakua chakula cha Kabeya na kukifunika kwa sahani. Mimi nimeketi hapa na kalamu, na nikimaliza mstari huu natakiwa kuinuka niende nikamwambie ukweli.

Pumzika, Baba, kama huko mtu hupumzika watoto wake wakiwa njiani. Na kama kuna namna yoyote ya kumfikia Kabeya kabla hajafika darajani, mwambie ashuke.

Binti yako wa kwanza