Namba Iliyofutika Kwenye Nishani za Babu

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 8 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti limepoa, au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Huku hatujambo. Baba ana mafua, na Babu anakula vizuri, ila mkono wa kushoto bado mzito tangu kile kiharusi. Mimi nimemaliza mtihani, nasubiri matokeo.

Shangazi, nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

Kwenye kambi ya jeshi wanajenga ukuta wa majina ya waliopigana vita vya mpakani. Babu anataka jina lake likae na majina ya wale wenzake watatu aliowabeba mgongoni kuvuka mto huku risasi zikinyesha. Yao yameshaandikwa. Orodha inafungwa tarehe thelathini.

Baba yuko kazini, kwa hiyo hutumwa mimi. Nimekwenda mara nne. Unanijua, nikifika mbele ya dirisha la karani sauti hunikauka. Siku ya kwanza aliniambia niseme au nimpishe aliye nyuma yangu. Anataka namba ya askari. Vyeti vililiwa na mchwa. Babu mwenyewe kila asubuhi ananitajia namba kwa sauti ya gwaride, na kila asubuhi ni nyingine.

Juzi nikapeleka nishani zenyewe tatu, maana namba huchongwa ukingoni. Karani akazigeuzageuza, akacheka.

"Binti, hizi zimesuguliwa kama sufuria za bi harusi! Namba iko wapi?"

Nikamwonyesha picha ya Babu amezivaa.

"Nishani hata mnadani zinauzwa. Niletee namba."

Shangazi, ni mimi niliyeifuta. Tangu nina miaka sita, kila Jumamosi, kwa jivu na limau, Babu akinihimiza: "Sugua, mke wangu, wanione toka mbali!" Kwenye ujumbe wa simu nilishindwa kukwambia, ndiyo maana naandika. Babu mwenyewe bado sijamwambia.

Lakini nishani ya nne alikupa wewe siku uliposafiri, na namba ni ileile kwa zote. Baba anasema hujaisafisha hata siku moja. Unisamehe, safari hii naushukuru uvivu wako. Usiitie dawa wala kitambaa. Vaa miwani, isome ukingoni, utume namba siku hiyohiyo. Nilikutumia ujumbe mara mbili unipigie, hukujibu, na hilo nalo limeniuma.

Jana Babu alinipa kitambaa kama kawaida. Nikakipitisha juu juu bila kugusa shaba. Akazisogeza nishani kwenye mwanga.

"Leo umezembea, mke wangu."

Nikakunja kitambaa.

Nisalimie Mjomba na mapacha. Baba anakusalimu, na Babu anauliza utakuja lini. Mungu awatunze nyote, na aitunze kutu ya nishani hiyo mpaka uisome.

Nikupendaye daima,
binti wa kaka yako,
Kimya