Mashine Inasimama Kwenye Jina la Bwana Harusi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijapotewa na akili, maana mimi ni fundi wa kudarizi kwa mashine ya kompyuta na programu yake niliiandika mwenyewe, kila inapomaliza safu moja ya mishono inachungulia foleni ya maagizo kuona kama kuna mtu aliyebonyeza Ghairi, ikikuta agizo inasimama, isipolikuta inaendelea, na tangu nianze kudarizi shuka la harusi yangu inasimama kila ifikapo kwenye jina la bwana harusi, ilhali hakuna aliyegusa kitu. Nimekichomoa kitufe chenyewe, agizo bado linaingia. Mashuka ya wateja yanamalizika salama.

Bwana harusi ni shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu aliyeiendesha mashine hii kabla yangu, na dada alizoea kubonyeza Ghairi kwa kiwiko huku mikono imeshika kitambaa, na sasa kila inaposimama nasikia kiti chake chenye mguu mbovu kikilia, kama mtu anayejisogeza. Mama anacheka, "Mwanangu, tangu lini mzimu ukajua kompyuta?" lakini yeye mwenyewe hakikalii tena kiti kile. Shemeji anasema, "Futa hiyo sehemu inayochungulia foleni, mambo yaishe. Isipotazama, itajuaje?" Jambo jingine dogo, dada aliwahi kurudi nyumbani na sanduku lake akisema ndoa imemshinda, tukamwambia avumilie, shemeji akaja kumchukua, na mwaka haukuisha tukamzika. Wageni wamekwisha kualikwa. Je, nifute?

Fundi Mwenye Hofu

JIBU

Fundi, pole. Hofu yako naielewa; usichokitazama ndicho kinachonikasirisha. Umenieleza kiti, kiwiko na kitufe, kisha sanduku la dada yako ukaliita jambo dogo!

Mimi si mganga, na sijui nani anabonyeza. Pengine ni waya uliooza, ingawa sijapata kuona waya unaochagua majina. Ninachojua ni kwamba dada yako aliomba mbele yenu nyote ndoa isimame, na hakuna aliyechungulia foleni. Sasa mwanamume huyohuyo, alipoambiwa kuna anayesema simama, hakuuliza ni nani wala kwa nini. Aliagiza mashine isiulize tena. Siku utakapochoka wewe, atakusikia kwa sikio lipi?

Usifute hata herufi moja. Leo hii mwambie mama yako kwamba hakuna harusi. Wageni watakula makwao. Shemeji asikukute peke yako karakanani. Kisha mketishe mama, akueleze neno kwa neno dada alisema nini siku ile ya sanduku, na akikwambia yamepita, muulize tena. Mkishajua, waendeeni wanaochunguza vifo.

Halafu tandika kitambaa kipya, udarizi jina lako peke yake. Nadhani mashine itamaliza. Na kiti kikilia nyuma yako, usikimbie. Sema, "Dada, nimesikia."