Kisanduku cha Nne

Jumanne, 9 Aprili

Maji kila mahali ila bombani. Mafuriko yaliingia kwenye mtambo wa kusafisha maji, yakafika kifuani — pampu zote chali. Siku ya tatu sasa mji hauna tone. Leo Mkuu wa idara kanitupia faili mezani: kisima kirefu cha kile kiwanda cha ngozi kilichofungwa kiunganishwe na bomba letu, leo hii. Kwa kawaida kibali cha chanzo kipya huchukua miezi minne. Ila baada ya janga kuna ruhusa ya dharura: karatasi moja, visanduku vitano, sahihi ya afisa vibali. Afisa vibali ni mimi.

Vinne kati ya hivyo havikuwa na shida. Sampuli tulishaipeleka maabara. Shida ni kisanduku cha nne: wananchi wameonywa wachemshe maji ya kunywa. Nani kawaonya? Gari la matangazo limezama uani kwetu hadi vioo! Nikamwambia Mkuu. Akasema weka tiki, kesho tutaazima vipaza sauti. Masjala hawapokei fomu yenye kisanduku kitupu, na watu wana kiu. Kweli walikuwa na kiu. Nikaweka tiki.

Saa kumi jioni maji yakatoka. Ofisi nzima ikapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Jumatano, 10 Aprili

Vipaza sauti bado. Mkuu kasema kesho.

Mchana nilimpigia baba watoto simu, nimejibanza kwenye ngazi, sauti ya chini kama mwizi. Kila tone lichemshwe, hata la kusukutulia. Akauliza kuna nini. Tahadhari tu, nikasema. Jioni binti yangu — yuko darasa la tatu, maswali yake kama ya polisi — akataka kujua mbona jirani hawachemshi. Nikamwambia amalize kula.

Mama Mdogo sikumpigia. Hapa naona haya hata kwa daftari langu mwenyewe. Anakaa mtaa wa chini na mjukuu wake. Ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, na kwake mimi si mtoto wa dada, ni mtoto basi. Mtaani wanamwita Redio. Mwambie jambo saa tatu, saa nne limekurudia na nyongeza juu. Nilishika simu, nikaiweka, nikaishika tena. Akijua yeye wamejua wote — halafu watauliza nani alitia sahihi.

Kwa hiyo nimelinda nyumba yangu, yeye nikamwacha. Nimeandika ili nione inavyoonekana. Inaonekana vibaya.

Alhamisi, 11 Aprili

Vipaza sauti: kesho.

Getini mwanamke muuza mkaa alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Asante, mwanangu, nasikia wewe ndiye uliyetuletea maji. Nasikia! Najua kasikia kwa nani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ijumaa, 12 Aprili

Majibu yametoka. Mtaalamu wa maabara hakutaka kuyasema kwenye simu, alikuja mwenyewe, buti zimejaa tope. Vijidudu vya kinyesi. Vingi. Akasema maji haya mabichi asinywe mtu, mkubwa wala mdogo. Kisha akaniuliza wananchi wamelipokeaje onyo.

Vizuri, nikasema. Vizuri! Ulimi ulitangulia, na sikuurudisha.

Mkuu anataka sampuli ya pili, majibu Jumatatu, tusizue taharuki. Isitoshe, anasema, fomu inaonyesha wameonywa. Akanigeuzia karatasi na kuweka kidole pale. Tiki yangu, wino wa bluu. Imenyooka vizuri, maana nina mwandiko mzuri, nasifiwa tangu shule. Nilitoka nikaenda kujifungia chooni, nikalia, nikanawa uso, nikarudi kujibu barua.

Saa kumi na moja ujumbe wa Mama Mdogo: "Kajukuu kanaharisha tangu jana mwanangu, nadhani ni meno tu. Maji yako yanatiririka, Mungu akubariki."

Nadhani ni meno. Nimeusoma mara kumi. Nimejibu pole.

Pole!

Jumamosi, 13 Aprili

Naandika kwenye kochi la Mama Mdogo, daftari gotini. Nimekuja asubuhi na pakiti za chumvi ya kutibu kuharisha na chupa ya maji yaliyochemshwa nyumbani. Mtoto kalala pembeni yangu. Ana mwaka na nusu. Macho yameingia ndani, midomo mikavu. Nimemnywesha vijiko kadhaa, kavitapika, chupa imekwisha. Nimesema apelekwe zahanati sasa hivi. Baba yake yuko njiani na pikipiki.

Mama Mdogo aliitazama chupa yangu akacheka sana. "We mtoto! Unabeba maji kuja kwenye maji?" Akachota kwenye ndoo, akanipa kikombe kilichojaa. "Kunywa, haya ni yako." Nimesema sina kiu. Kikombe kiko mezani mbele yangu. Maji maangavu, hata harufu hayana.

Sentensi moja tu. Nikimwambia yeye, kabla ya adhuhuri mtaa mzima utakuwa unachemsha. Gari gani la matangazo linamfikia huyu? Kipaza sauti changu alikuwa yeye tangu Jumanne, tena bure, na kinywa chake ndicho nilichokiogopa. Sasa naogopa macho yake. Ataniuliza ulijua lini. Hataniuliza lingine.

Alitoka uani. Amerudi, nyuma yake majirani wanne wamekuja kumwona mtoto wake aliyeleta maji. Mmoja ana ndoo kichwani. Wananishukuru. Nimeinamia daftari kama mwenye kazi ya maana.

Mtoto ameamka, analilia maji. Mama Mdogo kachukua kikombe changu, kamwinua kichwa.

Nimesema ngoja. Kwa sauti kubwa mno. Wote wamenigeukia. Kikombe bado kiko mkononi mwake, karibu na mdomo wa mtoto, na ananiuliza angoje nini —